Safari ya Kusoma Maji

Ijumaa, 4 Julai

Tunaenda! Mimi na Aksanti, mume wangu, mpaka Jinja, kule Uganda, mahali mto Nili unapotoka ziwani. Mama Élodie amepiga simu asubuhi: majina yetu yamepita. Ni yeye anayeongoza chama cha watu wazima wanaopenda kusoma tu — bila mtihani, bila pointi, bila mtu kukuuliza una miaka mingapi. Kila mwaka wanavuka mpaka mara moja, siku chache, kujifunza kitu kimoja. Mwaka jana walisoma ngoma za zamani kule Huye. Mwaka huu ni maji: mvua, mito, maziwa.

Hapa hakuna anayesoma ila mimi, basi niseme ukweli. Maji ni kisingizio. Tulioana mwezi wa tano, na tangu harusi hatujapata hata Jumapili moja bila wageni. Nyumba yetu ya Katoyi, hapa Goma, ni chumba na sebule, na sebule ni ya wajomba zake. Wanakuja kutupongeza, wanakaa mpaka chakula kiive. Mimi nataka fungate. Nataka kumwona mume wangu akinywa chai bila mtu kumwita. Nataka kutembea naye kando ya maji, mkono kwa mkono, mahali ambapo hakuna anayejua baba yake ni nani.

Ana kovu dogo chini ya kidevu. Leo nimeliangalia wakati wote akinyoa ndevu. Aliniuliza nacheka nini. Nikampa taulo.

Jumapili, 6 Julai

Nimeharibu. Sijui nimeharibu kiasi gani bado.

Mama Élodie alisema nafasi moja imebaki. Nikamfikiria mama. Mama yangu Ernestine aliacha shule darasa la tano, kule Kyondo, ili alee wadogo zake. Hadi leo anauza vitenge, na mteja akija na mtoto mwenye daftari, mama analifungua kwanza, bei baadaye. Nikamwandikisha. Sikumwuliza mtu. Nilitaka iwe sapraizi kwa wote wawili, tena nikajisifu moyoni: mke gani mwingine angefikiri hivi?

Mchana nikamwambia Aksanti. Akaweka kijiko chini.

— Mama yako? Ule mwenyewe alikuzaa?

— Niko na mwingine?

— Bénie. Kwetu mukwe hawezi kula mbele ya mama ya bibi yake. Hawezi kumupa mukono. Hawezi kukaa naye benchi moja. Sasa safari yote hiyo nitakula wapi?

Nikadhani ananitania. Kwetu shemeji Kasereka, mume wa dada yangu, anakula na mama sahani moja na kumnyang'anya nyama. Lakini kwa akina Aksanti, huko Bukavu, muzee Zihindula baba yake hachezi na jambo hilo. Ni mpaka familia zikae, mbuzi itoke, wale pamoja mara ya kwanza. Na muzee ameshasema: hiyo ni baada ya mtoto wa kwanza.

Sasa nimeelewa kwa nini siku ya harusi mama aliwekwa upande mwingine kabisa wa ukumbi, nyuma ya keki. Nilidhani ni mambo ya mapambo.

Nikamwambia: Jinja ni mbali, nani atajua? Akasema, kwa ile sauti yake ya upole inayoniua: "Muzee ataniuliza. Na mimi sijawahi kumudanganya muzee." Ndiyo sababu nilimpenda. Leo imenikera.

Jumatano, 9 Julai

Tumaini langu lilikuwa mama. Nilijua atacheka na kusema hayo ni mambo ya zamani. Alicheka kweli, mpaka machozi. Kisha akajifuta macho.

— Kama kwao ni vile, na mimi nitafanya vile. Nilikupeleka mu jamaa ya heshima, siyo mimi nitakuja kuiharibu.

Leo yalikuwa masomo ya kujiandaa, ukumbi wa parokia upande wa Katindo. Aksanti alipoingia tu, mama akavuta kitenge kichwani na kugeuza kiti chake kikaangalia ukuta. Mama Élodie akamwuliza kwa adabu kama ubao uko upande mbaya. Papa Grégoire, mstaafu anayekwenda safari zote za chama, akasema kwa sauti kwamba huyu mama amekuja kusoma rangi ya ukuta. Ukumbi ukacheka. Nilitaka ardhi ipasuke.

Mama ni mwanafunzi mzuri kupita kiasi, hilo ndilo tatizo. Kila kitu anachofundishwa anakifanya, hata hiki.

Na somo lenyewe! Mama Élodie alitandika ramani. Mvua ya Kyondo, upande unaoangalia Ziwa Edouard, inashuka ziwani, inafuata mto Semliki, inaishia Nili. Mvua ya Bukavu inapita Ruzizi, inaingia Tanganyika, inaishia mto Kongo na bahari nyingine kabisa. Nikanyoosha mkono: na maji hayo mawili yanakutana wapi?

— Hayakutani, mama, akanijibu Mama Élodie.

Nikaketi. Aksanti, safu ya nyuma, alikuwa ananiangalia. Mama, uso ukutani, alikuwa anaandika kila neno.

Jumamosi, 12 Julai

Ndani ya basi. Tulivuka barriere ya Gisenyi, pale mpakani, asubuhi, Kigali tumeipita, sasa ni milima tu. Mimi na mama kiti kimoja. Mume wangu yuko mbele karibu na dereva, mgongo wake peke yake ndio ninaopewa. Ananiandikia ujumbe kwa simu: *Umelala?* Namjibu: *Geuka kidogo nikuone.* Anajibu: *Mama yuko macho?* Mama yuko macho. Mama anahesabu mito tunayovuka na kuniuliza kila mmoja unakwenda wapi. Sijui, mama. Sijui!

Tuliposimama kula, nilimkuta Aksanti nyuma ya basi, amesimama, anakula ndizi na dereva. Nikalaza kichwa begani kwake, kidogo tu. Akanibusu kwenye kipaji cha uso. Halafu akaona kitenge cha mama kinakuja, akakimbia na ndizi mkononi kama mwizi wa soko.

Jumapili, 13 Julai

Jinja. Ni kuzuri, naandika kwa hasira lakini ni kuzuri. Mto unatoka ziwani bila kelele, mpana, kana kwamba umeamua zamani.

Tulipewa chumba cha wanandoa. Kitanda kikubwa, chandarua cheupe, dirisha linaangalia mto! Nilikaa juu ya kitanda nikacheka peke yangu. Kisha mama akapewa chumba jirani, ukuta ni mmoja. Aksanti akasikia kikohozi chake. Akachukua begi.

— Sheri wangu, siwezi kulala ukuta moja na yeye.

— Ni ukuta, Aksanti. Ni matofali.

— Ninajua.

Amehamia nyumba ya wanaume, chumba cha Papa Grégoire. Mimi niko na chandarua. Mama amegonga ukuta kuniuliza kama nimeona mbu.

Jumatatu, 14 Julai

Mama Élodie ametugawa vikundi vya watu watatu watatu. Kwa wema wake ametuweka familia pamoja: mimi, Aksanti, mama. Kazi yetu ni kuonyesha maji ya kwetu yanakwenda wapi. Ijumaa kila kikundi kinasimama mbele, wote watatu, kinaeleza. Asiyesimama, kikundi chake hakipati brevet, cheti cha chama.

Nilimwangalia mama aliposikia neno hilo. Hana karatasi hata moja ya shule yenye jina lake. Akanishika mkono chini ya meza, akanong'ona kwamba ataitundika juu ya meza ya vitenge, wateja waisome kwanza, bei baadaye.

Niliomba tubadilishiwe kikundi. Mama Élodie amesema hapana, vimejaa. Tena akaniambia wengine wangefurahi kuwa na familia. Ningemweleza nini?

Jumanne, 15 Julai

Nimekuwa simu. Aksanti anachora plani za nyumba, ndiyo kazi yake Goma, basi ramani anaichora yeye. Mama ndiye anayejua maneno yote. Mmoja yuko ndani ya ukumbi, mwingine kwenye baraza, dirisha liko wazi kati yao. Wanasikizana vizuri kabisa. Lakini:

— Bénie, ambia bwana yako Semliki aliichora fupi.

— Bénie, ambia mama nitairefusha.

— Ambia bwana yako asante.

— Ambia mama si kitu.

Mchana sauti ilikuwa imenikauka. Hakuna aliyekosea adabu. Kila mtu anamheshimu kila mtu, na mimi ndiye ninayekaa na njaa ya mume wangu katikati.

Lakini nilisikia kitu. Mama aliuliza: tone la mvua likianguka juu kabisa ya mlima, pale maji yanapogawanyika, linakwenda upande gani? Mimi sikujua. Kwenye baraza penseli ilinyamaza. Aksanti akajibu bila kunipitia. Alisema, kama anayesema na miti, kwamba anadhani linapasuka, nusu huku na nusu kule. Mama akaandika. Hakusema nimwambie asante. Niliwaangalia wote wawili kwa zamu, nao wakajifanya hakuna aliyesema.

Alhamisi, 17 Julai

Tumegombana. Mara ya kwanza tangu harusi.

Tulitembea mwishowe kando ya mto, sisi wawili, mkono kwa mkono, vile nilivyotamani. Nikaharibu. Nikamwuliza: kesho utasimama naye mbele ama hapana? Akasema atasimama nje, mlango wazi, aelekeze ramani kwa fimbo. Nikasema Mama Élodie amekataa, lazima wote ndani. Akasema basi mama aeleze na mimi, yeye atajidai mgonjwa. Nikasema: basi mama hana brevet. Mwanamke huyu aliacha shule kwa ajili ya wadogo zake, sasa aache tena kwa ajili ya mbuzi ya baba yako?

Neno la mbuzi lilimwumiza. Akaachia mkono wangu, polepole. Akasema: "Kama naingia kesho, nitarudi Bukavu na uso gani? Muzee atasema bibi yangu alinigeuza mara ya kwanza tu tulivuka mpaka." Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea: kwamba kila siku akipita uani anasikia mama akisoma kwa sauti chumbani, na anamwonea haya kwa kumkimbia, na hajui haya hiyo aiweke wapi.

Nikamwambia amwite muzee aombe ruhusa. Hawezi. Mtoto haombi jambo hilo. Akakaa juu ya jiwe. Nikakaa pembeni yake. Tukaangalia maji. Nilimpenda sana na nilitaka kumsukuma mtoni.

Nilipomwambia mama, hakulia. Alisema tu: "Usimusumbue mutoto wa watu. Brevet ni karatasi." Akafunga daftari lake, akalifungua tena, akaendelea kusoma.

Ijumaa, 18 Julai

Naandika ukumbini, kwenye benchi la mbele, kikundi cha Papa Grégoire kinaeleza na kimerefusha maneno. Sisi tunafuata.

Asubuhi mama aliomba simu yangu. Nilidhani anampigia dada. Akampigia muzee Zihindula! Baba mkwe wangu, mtu ambaye amesema naye mara mbili maishani. Nikaganda. Hakuomba ruhusa. Alimsalimu vizuri, akauliza hali ya nyumba, kisha akaanza: muzee, unajua maji ya pale kwenu Bukavu yanaenda wapi? Akamweleza Ruzizi. Akamweleza Tanganyika. Muzee alikuwa anauliza, nilisikia sauti yake nzito ikitoka kwenye simu: "Na kisha? Na kisha?" Mama akamfikisha mpaka baharini. Kisha akasema: lakini hii yote nilisoma nusu, muzee. Mwenye kuchora ni mutoto wako, na yeye iko nje.

Kisha muzee akasema anafikiri. Akakata.

Tangu wakati huo simu iko mapajani kwa mama. Aksanti yuko mlangoni na ramani imekunjwa chini ya kwapa. Papa Grégoire amemaliza, watu wanapiga makofi. Mama Élodie ametaja kikundi chetu. Mama amesimama peke yake, ameshuka mbele, kitenge kimeanguka mabegani na hajakivuta. Hakuangalia ukuta. Anatafuta pa kuanzia.

Simu inalia mkononi mwake.

Ni muzee. Mama amesikiliza kidogo. "Ndiyo, muzee. Mutoto wako iko hapa." Nimenyoosha mkono niipokee nimpelekee Aksanti, kama kawaida yangu ya wiki nzima. Mama hanipi. Ameielekeza mlangoni, mkono umenyooka mbele ya watu wote, sauti ya muzee inasikika ikisema halo, halo.

Aksanti ameingiza mguu mmoja. Anaiangalia simu, na mkono wa mama unaoishika. Ramani imeanza kumteleza kwapani —