Kikombe cha Kuonjea

Mama,

Ni mi, Bahati, mutoto wako wa mudomo murefu. Usishituke, sikuombi kitu. Kule ulipo hauna kitu, na hata ungekuwa nacho ungenificha.

Nyumba iko vile uliiacha. Bati linavuja pale pale, juu ya kitanda changu, si juu ya kitanda cha mwingine. Yaya Furaha, dada yangu mukubwa, ndiye anapika lutuku sasa, ile pombe yako kali, kwa pipa lako na tiyo yako ya kupitisha mvuke, nyuma ya nyumba, mikono kiunoni sawa weye. Kutukana pia anatukana sawa weye, ila yeye hapumziki. Lile pipa ndilo linatulisha, ndilo linamulipia mudogo wangu Amani masomo. Na mi niko muonjaji, kazi ulinipa wewe mwenyewe. Muji wa Baraka muzima, toka sokoni mpaka kwenye mitumbwi, hakuna ulimi unanishinda. Nikiweka kikombe mudomoni, banywaji bote bananyamaza, bananiangalia sawa mi juji.

"Onja, tema." Ndivyo ulinifundisha. Miaka yote ile ulionja, haukumeza hata tone. Mi nilikuwa nageukia ukuta, unasikia nimetema, kumbe nimetema mate tu. Naona ulijua. Mama hawezi kukosa kujua.

Sasa sikia hii, utacheka. Banywaji balianza kupotea. Wa kwanza ni Papa Wilondja, yule mwenye mutumbwi wa Ubwari, aliyekuwa anafika kwetu kabla ya kuku. Yaya akawaka: "Kuna mwanamuke anatuibia batu! Mufwate, ujue anakunywa kwa nani." Mi, mupelelezi! Nikavaa kofia mpaka kwenye macho, siku ya Mungu asubuhi, nikamufwata mpaka shuleni, kilasi ya kwanza. Nikachungulia dirishani. Batu bazima, bengine na mvi, bameikaa kwenye viti vya batoto, magoti karibu na masikio, banakunywa chai!

Papa Wilondja akaniona. "Huyu si mutoto wa Mama Riziki? Bamekutuma utuuzishie mpaka hapa?"

Mwingine akasema: "Hana haja ya kuuzisha. Harufu yake inatosha."

Bakacheka kabisa. Nikabaambia mi siko mugonjwa, mi niko mutu wa kazi, naonja tu.

"Basi ingia, uonje chai yetu," Papa Wilondja akasema.

Bakanipa kikombe. Siku ile nilikuwa sijaonja kitu bado. Mama, mukono wangu ulitetemeka mpaka chai ikaniunguza magoti. Nikangoja bacheke. Hakuna aliyecheka. Ni hapo niliogopa.

Nilipofika nyumbani Yaya akaniuliza: "Anakunywa kwa nani?" Nikasema: "Kilasi ya kwanza." Akanirushia mwiko.

Tangu siku ile narudi kule kila siku ya Mungu. Kila mutu anasimama, anasema vile pombe ilimufanya na siku ngapi hajaigusa, bengine banasikiliza. Benyewe bako na ujanja: banazunguka njia ili basipite kwetu. Bananiambia na mi nizunguke. Nizunguke wapi? Njia yangu inaishia pale pale. Nalala karibu na pipa, nguo zangu zinanuka pipa, ugali wangu unatoka kwenye pipa. Nilisema nitaenda Lulimba kuchimba dhahabu. Papa Wilondja akasema kule nitakunywa mpaka viatu. Halafu akaniambia: "Kijana, unaoga ziwani na unataka ukauke." Bakacheka, na mi nikacheka, juu ni kweli.

Jana Yaya alitosha lutuku mupya kwenye pipa. Akanisogezea kile kikombe chako cha bati, chenye ua jekundu. Nikasema: "Sionji tena."

"Na nani ataonja? Nikiuzisha kitu kibaya, batu bafe, utafungwa weye?"

Yaya iko na haki. Lakini nikamurudishia kikombe. Ndipo akageuza kichwa: "Amani! Leta ulimi wako hapa."

Amani alikuja mbio, anacheka, anajiona mukubwa. Mama, ni vile vile mi nilikuja, siku uliniita.

Nilimunyang'anya kikombe kabla hajaonja. Nikaonja. Ulimi wangu ulifurahi sana, sitakudanganya. Nikatema, nikasema moto ulizidi. Yaya akaridhika, Amani akanuna. Mi nikabaki nalamba meno mpaka asubuhi, sawa mbwa aliyekosa mufupa.

Leo nimepanda huku kwako na kile kikombe. Nimekitoboa kwa musumari, vile tunafanyaga vyombo vya marehemu ili bezi basibebe, nimekifunika hapa kwenye kichwa cha kaburi lako. Ni chako, kaa nacho. Mi siko mujinga, najua Yaya iko na glasi nyumbani. Wiki ijayo atapika tena, na glasi itakuja, na itakuwa ni mi ao Amani.

Itakuwa mi. Papa Wilondja atanigombeza, nitasikiliza, nitarudi kwenye kile kiti kidogo. Lakini ule mutoto hataonja, hata kwa kidole, mi nikiwa hai.

Lala salama, Mama. Nitaonja nikiwa nimemuangalia Yaya, na Amani ananiangalia. Sitageukia ukuta. Nitatema.

Bahati wako