Mkwaruzo Niliouita Mshipa

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na nimeapa kukueleza yote, hata yanayonitia aibu. Katika klabu yetu ya sayansi tunatambua familia za nzi kwa kutazama picha za mabawa, na shule itapeleka mwanafunzi mmoja tu mashindanoni, nasi tulibaki wawili, mimi na rafiki yangu tunayekaa dawati moja. Picha ya kuamua niliipiga mimi, bawa likiwa limebanwa chini ya kioo. Rafiki yangu akasema ni nzi wa nyumbani, kwa kuwa mshipa mmoja umepinda kwenda juu karibu na ncha ya bawa. Mimi nikasema ni nzi wa maua, kwa sababu katikati niliona mstari unaoelea bila kushikana na mshipa wowote, na hiyo ndiyo alama yao.

"Lakini nzi huyu nilimkamata mwenyewe jikoni kwetu," akasema.

"Mwenzio anatazama bawa, wewe unatazama jikoni," mwalimu akamjibu, klabu nzima ikacheka, na tangu siku hiyo wanamwita Nzi wa Jikoni, naye amehamia dawati la nyuma, na jina langu ndilo litakalopelekwa Ijumaa ya wiki ijayo.

Jana nilirudisha kile kioo kwenye fremu ya picha ya bibi, maana ndiko nilikokiazima. Bibi akaitazama, akacheka: "Mke mwenzangu, mbona umenirudisha na kovu shavuni?" Ulikuwa mkwaruzo wa kioo, mshauri, mstari uleule. Nikisema ukweli, rafiki yangu atakubali kukaa nami tena? Nakusihi unijibu kwa posta ya kwanza.

Mwenye Kioo

*

Binti yangu, kukosea hukukosea peke yako. Hata mwalimu aliutazama mkwaruzo akauona mshipa. Kosa lako linaanza sasa, ukijua na kunyamaza huku mwenzako akibeba jina la kejeli. Kama atarudi dawatini, hilo ni lake kuamua, na usimpelekee ukweli kama hongo ya urafiki.

Mwendee yeye kwanza, kabla ya mwalimu, umwombe radhi bila "lakini" hata moja. Kisha beba kioo na ile picha ya bawa mpaka klabuni, maana alichekwa mbele za watu, na asafishwe mbele za watu. Nafasi ya mashindano uiache mezani. Mwalimu akiuliza, basi nzi yule ni wa familia gani, hata ulimi ukikuwasha, funga mdomo. Mwache ajibu wa dawati la nyuma.