Kidole Kwenye Kitufe cha Redio

Shoga, nimeumbuka leo, sina pa kuficha uso.

Mume wangu karusha ndege peke yake mara ya kwanza. Mimi na mawifi tuko ofisini kwa mwalimu wake wa urubani, tunamsikiliza redioni. Kumbe kasahau kidole kwenye kitufe cha kuongelea, anajisemesha huko juu.

"Mungu wangu, nikitua salama, namwacha yule mwanamke."

Yule mwanamke. Mimi, shoga.

Wifi mkubwa kaitikia amina. Wengine wakaangua kicheko.

Sasa katua, anakuja meno yote nje, hajui kitu. Desturi ya marubani hapa, mwanafunzi akirudi salama, mkewe humpongeza kwa kumkata kipande cha shati alilovaa, mgongoni.

Mwalimu kanipa mkasi bila kunitazama.

Mawifi wameacha kucheka.