Chupa ya Mbegu za Mama

Mshauri mpendwa, shikamoo, naomba unisaidie maana hata usingizi umeniruka. Mimi nina duka la mbegu, na mama yangu kwa miaka mingi anatunza mbegu za maboga yake matamu, anachagua boga bora, anaosha mbegu, anazianika kivulini, anazichanganya na majivu na kuzitia kwenye chupa, halafu kila msimu anawagawia majirani bure, jambo ambalo mtu mwenye duka linamuuma, hebu fikiria, basi mwaka jana alipokwenda kumuuguza mjomba nikazichukua zote, nikazifunga kwenye pakiti zenye picha yangu na maneno "Mbegu za Mama", nikauza, zimebaki pakiti tisa tu, na ili asigundue nikajaza ile chupa mbegu nilizookota sokoni kwenye maboga yaliyooza. Mama akagawa, majirani wakapanda, nusu hazikuota na zilizoota zikazaa maboga ya maji matupu, sasa wanamcheka, na dada yangu mkubwa anasema akili imeanza kumtoka, mwisho wa mwezi anamfungia nyumba yake na kumhamishia kwake dada. Juzi mama alikuja dukani, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaniuliza, "Mwanangu, hivi nimeanza kuchanganyikiwa?" nikamwambia, "Ni umri tu, mama, pumzika." Akaomba maji. Je, nitumie maneno gani ya upole ili aache kabisa kugawa mbegu, maana wateja wameanza kuziogopa hata zangu?

Mwenye Duka

*

Marahaba, japo imenitoka kwa shida.

Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali unapomhurumia mama yako. Nimeona duka, nimeona wateja, nimeona pakiti yenye sura yako. Mama nimemwona mara moja tu, kwenye kiti cha wateja, na hapo ulimfukuza kwa adabu.

Eti maneno ya upole! Huna haya hata chembe. Umemwibia mama yako, haya, wezi wapo. Lakini mzazi amekuja kwako akiogopa kichwa chake mwenyewe, jibu unalo mfukoni, ukamwambia ni umri? Na bado unalalamika kwamba wewe ndiye huna usingizi. Yeye unadhani analala?

Sikiliza, na usinijibu. Leo funga duka mapema. Beba hizo pakiti tisa, zote, usifiche hata moja ya akiba, maana nakujua. Kaa chini mbele yake useme, "Mama, mbegu zako niliziiba mimi, na za chupani nilibadilisha mimi." Usianze na "palitokea makosa kidogo." Mpigie dada yako hapo hapo, mama akisikia, umwambie vilevile, kabla hajafunga mzigo hata mmoja. Kesho pita nyumba kwa nyumba kwa wote waliomcheka, peke yako, ukiwa na mbegu za pakiti hizo mkononi. Mama abaki nyumbani kwake, apumzike kwa raha zake.

Akikuzaba kofi, pokea, ujue kwamba bado ana akili zake zote.

Alikuuliza swali juzi, na mpaka sasa hajajibiwa. Nenda kamjibu.