Hita ya Gari Msiizime

Guildford, Sydney

Mjukuu wangu Neema,

Sisi wazima, na bibi yako anakusalimu. Unaniambia huko milimani mtoto analala na baridi, kwa kuwa Elia, huyo mume mwenzangu, anaizima hita ya gari lenu la kulala akihofia dizeli itaisha kabla hamjafika mjini.

Nilipokuwa kijana katika kambi ya wakimbizi Tanzania, shangazi yangu alikuwa akiumwagia moto maji kila jioni ili kuni zisiishe. Asubuhi alihangaika na jiko lililolowa, moshi tele, kuni zikiteketea. Mama yeye alifukia makaa machache kwenye majivu, akaamka na moto. Siku moja akamtania: "Wifi, leo unapika au unafua majivu?" Shangazi alicheka mpaka akakohoa, na jioni ile akaomba aonyeshwe.

Hita yenu ni vivyo hivyo. Ikianza upya hula dizeli nyingi. Gari likishapata joto, ipunguzeni hadi chini kabisa, itakula kidogo tu. Fungeni mapazia, ila tundu la hewa liacheni wazi.

Nakuandikia nikiwa nimevaa koti: bibi yako kazima hita yetu. Mpigie simu umweleze, mimi hanisikii.

Babu yako