Mgeni Uliyemtuma na Kigemu Chetu

Kwako kaka Yusto, huko uliko ng'ambo ya Manyovu,

Mgeni wako alifika jana mchana, akatukuta mimi na mama tunamenya mihogo. Alisema anaitwa Dezire, mnauza maharage pamoja Burundi, na kwamba unaumwa sana, unataka mama aje haraka. Mama alianza kufunga begi hata hajanawa mikono. Mimi nilimtazama yule mtu viatu. Vilikuwa vimepakwa rangi, vinang'aa. Nani anapata muda wa kung'arisha viatu, rafiki yake akiwa mahututi?

"Mbona hajapiga simu?" nilimuuliza.

"Simu yake imeharibika, dada."

"Basi piga ya jirani yake tumsikie."

Akatazama chini, akasema kule mtandao unasumbua. Shaka ikanizidi. Mpakani hapo wanapita watu wa kila namna, na mama tunaye mmoja tu.

Ndipo akatoa mfukoni kile kigemu chetu, kile kimashine cha mkononi cha kuchezea gemu.

Nilikitambua kwa ufa wake kwenye kioo. Ulikinunua kikiwa kimetumika, tulipokuwa bado tunakaa Kibondo. Unakumbuka masika yalivyotufungia ndani? Wale askari wadogo wa kwenye kioo hawakusogea bila ngoma. Unapiga mapigo manne kwa vitufe, unanyamaza, wanaitikia, ndipo unapiga tena. Ukiharakisha, wanaduwaa na kuuawa. Wewe ulikuwa mpiga ngoma, mimi nilipanga jeshi: ngao mbele, mikuki katikati, mishale nyuma. Tuligombana kila siku, maana hata tukiwa tunashinda ulipiga ngoma ya kurudi nyuma. "Anjela, hujui kilichojificha mbele," ulikuwa ukisema. Mama akipita alitucheka: "Hao watu wadogo wanawatii ninyi kuliko mnavyonitii mimi."

Lakini kitu huibiwa. Nikamwambia Dezire, "Kama kweli mnakaa pamoja, hebu cheza."

Akacheza. Alitikisa goti kama wewe. Adui alipobaki mmoja tu, amejeruhiwa, akaliamuru jeshi zima lirudi nyuma. Woga ule ni wako, kaka, na mtu hauokoti njiani. Nikajua amekaa nawe siku nyingi. Moyo ukaniuma: kumbe kweli unaumwa.

"Unajua kucheza," nilimwambia kwa unyonge.

Akacheka, akajisahau. "Yusto ananishinda kila jioni. Tena huku mtoto kamlalia kifuani!"

"Mtoto wa nani?"

Vidole vyake vikaganda. Askari wakaanza kufa mmoja mmoja, naye hakuwatazama.

"Dada, nilikatazwa kusema. Yusto haumwi. Ameoa, na wamepata binti. Aliogopa kwamba mama akijua ameoa bila kumshirikisha, hatakanyaga kwake."

Basi Dezire nikamsamehe, shaka yote ikahamia kwako. Uliposema mwaka jana barabara ni mbovu huwezi kuja, ilikuwa mbovu? Na ile homa ya Krismasi, ilikuwa homa au ilikuwa harusi? Kila ulichowahi kuniambia nakigeuza upya.

Nilipoinua macho, mama alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia yote. Hakulia. Alifungua begi, akatoa dawa za mizizi alizokuandalia, akazirudisha jikoni. Nikadhani safari imekufa. Akarudi na kitenge chake kipya, akakikunja vizuri, akakiweka palepale zilipokuwa dawa.

Kisha akamgeukia Dezire. "Mwanangu, usimwambie kwamba tumejua. Nataka nimkute kitandani, amejifunika blanketi, anakohoa."

Kesho tunaondoka wote watatu. Barua hii nitakupa mkononi, mama akishamalizana nawe. Huyo binti nitambusu mwenyewe, ila wewe usimfundishe kurudi nyuma.

Mimi mdogo wako, na sasa shangazi,
Anjela
Kasulu