Nyuki Juu ya Dirisha la Amongin

Baba Amongin, mzee wangu mkaidi,

Sikuulizi hali, maana aliye kaburini hana hali. Mimi niko hapa Walukuba, nyumba yetu ile ile. Magoti yanauma, mdomo hauumi, kwa hiyo nisikilize.

Unakumbuka tulivyokutana kambi ya jeshi? Wewe Mteso, mimi Mgisu, hakuna aliyejua lugha ya mwenzake. Ulinitongoza kwa Kiswahili cha amri: "Wewe, simama! Unaitwa nani?" Nikakujibu, "Afande, mimi si askari wako." Ukacheka mpaka kofia ikaanguka. Kwa Kiswahili hicho tulizaa, tukagombana, na kwa hicho nakugombeza leo.

Ulipostaafu ukaoa mke wa pili: mizinga yako ya nyuki, ile ya magogo, kule kwa kaka yangu, mlimani juu ya Mbale. Ulikuwa unarudi nguo zinanuka moshi, jicho limevimba, na unafurahi kama bwana harusi. "Mama Amongin, hii ndiyo dawa ya moyo." Asali unalamba, sega unatafuna na watoto wa nyuki humo humo, gundi yao unailoweka kwenye maji ya moto mpaka nyumba inanuka msitu. Sikukataa. Lakini ukaleta ile sheria yenu warina asali: dawa ya mzinga haipendi dawa nyingine, ukiichanganya inakasirika. Basi vidonge vya presha ukavifungia kwenye sanduku la sare. Nilipiga kelele hadi majirani wakazima redio wasikie vizuri. Ukaniambia, "Nyamaza, mwanamke, moyo ni wangu."

Wako? Uliposimama, mbona nusura na wangu usimame?

Sasa sikia kilichonitoa Walukuba mpaka Nkoma, kule Mbale kwa Amongin. Binti yako ana presha ile ile yako. Urithi mwingine hukumwachia. Miguu inavimba, akipanda ngazi kidogo anashika ukuta. Kliniki wakampa vidonge, akawa anameza vizuri. Halafu bumba la nyuki likaja mchana kweupe, likaingia kwenye tundu za hewa juu ya dirisha la chumba chake. Mbale yote ile, nyumba zote zile, likachagua hapo. Shangazi zake wakasema ni wewe, mzee, umekuja kumtibu mtoto wako. Amongin akaamini. Akaacha vidonge, na nyuki walipokwisha jenga, akawa anakinga kikombe chini ya masega.

Nilimkuta amelala, uso umevimba kwa maji.

"We Amongin, vidonge viko wapi?"

"Mama, usiseme kwa sauti. Baba anasikia."

Nyuki walinguruma ukutani kama wewe ulivyokuwa unasafisha koo kabla ya kusema. Wajukuu wanapita kwa ncha za vidole. Nyumba nzima inanong'ona, kana kwamba wewe ndiye mgonjwa uliyelala pale.

Nikamwita nesi jirani yao. Akasema, "Asali ni nzuri, mama. Wanasema huenda inausaidia moyo, na watu bado wanachunguza. Lakini haiwezi kushika kazi ya vidonge. Akiviacha hivi, siku mbaya zinakuja." Amongin akageukia ukuta. "Baba hawezi kunidanganya."

Hapo nikajua nesi hatamshinda marehemu. Ni kazi yangu.

Alasiri nikawasha mavi makavu ya ng'ombe kwenye sufuria kuukuu, nikapanda kwenye kiti na magoti haya. Nikakuita kwa jina alilokupa mama yako, lile ambalo hukupenda nilitaje mbele za watu. Nikasema, "Kama ni nyuki tu, nendeni zenu. Kama ni wewe, basi ulikosea. Sheria yako ilikuua, sasa inamla mtoto. Toka!"

Amongin akalia, "Mama, unamfukuza baba!"

"Ndiyo, namfukuza."

Wakatoka. Walinipita shavuni, karibu kabisa, wakaelekea upande wa mlima. Hakuna aliyeniuma hata mmoja. Afadhali wangeniuma.

Asubuhi mtoto wetu alinyoosha mkono, akameza vidonge vyake bila kunitazama. Uvimbe umeanza kushuka. Asali iliyobaki nilimwekea kidogo kwenye uji, sikuitupa, mimi si mjinga. Kusema na mimi bado hataki, nikipiga simu anaitika tu. Sawa. Anayenuna anapumua.

Zile tundu nilizipachikia wavu kwa mkono wangu. Lakini tangu nirudi Walukuba, nikibaki peke yangu naweka sikio ukutani. Kimya. Miaka yote hii sikuwahi kukusikia, nikakusikia mara moja tu, na mimi ndiye niliyekutoa. Ukirudi kule, nitakutoa tena kwa moshi ule ule.

Lakini kama umeshindwa kabisa kulala huko, mzee, mwache mtoto. Nyumba yangu unaijua. Dirisha langu halina wavu.

Mkeo anayekugombeza bado,
Mama Amongin